Tumerudi na Nini Kutoka Ng'ambo?

Tangu nirejee nyumbani kutoka Japani, nilikoishi kwa miaka miwili kwa ajili ya masomo, swali moja limenifuata kama kivuli: "Umetuletea nini?" Nimeulizwa na majirani zangu wa Ruiru. Nimeulizwa na walimu wenzangu wa Thika, mapumzikoni, chai ikiwa mkononi. Nimeulizwa hata na utingo wa matatu ninayoipanda kila asubuhi kwenda kazini. Wote hutazama nyuma yangu kana kwamba gari nililoagiza limeegeshwa mahali fulani, nami ninaona haya tu kulitaja.

Gari sikuleta. Nililoleta ni daftari lenye jalada la buluu, ambalo kwa miaka miwili nililijaza mambo madogo madogo. Cheti nilichokifuata kimo ndani ya bahasha, na sijakitazama tena tangu nilipokionyesha ofisini. Daftari hulisoma karibu kila juma. Ninaandika makala haya kwa ajili ya walimu wenzangu na wanafunzi wetu kwa sababu naamini kwamba mambo madogo yana elimu ambayo sisi, tuliofungwa na silabasi, tumeidharau kwa muda mrefu. Tena ninaandika kwa sababu nina kosa la kuungama. Nitalifikia.

Nianze na gari, maadamu ndilo linaloulizwa. Msomaji aliyepata kupanda teksi au gari la mtu binafsi hapa nchini bila shaka ameisikia sauti fulani. Dereva anapowasha moto, mwanamke asiyeonekana husema maneno machache ya Kijapani kwa sauti nyororo, kisha hunyamaza. Dereva mmoja wa Thika alipata kunihakikishia kwamba hiyo ni dua ya safari. Mwingine alisema ni salamu. Mimi nami niliamini kwamba tunakaribishwa, na mara moja nilijikuta nikimwitikia kwa kutikisa kichwa.

Nilipokwisha kuijua lugha kidogo, nilisikia maneno yale yale katika gari la mwenyeji wangu mjini Kyoto, na safari hii niliyaelewa. Si dua wala si salamu. Ni lalamiko: "Kadi haijaingizwa." Barabara kuu za Japani ni za kulipia, na magari mengi ya huko hufungwa chombo kidogo kinachosoma kadi ya malipo gari linapopita langoni. Japani, kama Kenya, magari hupita upande wa kushoto wa barabara, na hiyo ni sababu mojawapo ya magari yao yaliyotumika kutufaa sisi. Yanapovuka bahari huja na chombo chake, na chombo huja na malalamiko yake. Kwa hivyo kila asubuhi, Makongeni na Juja na Kihunguro, magari hudai kadi ambayo hapa haina kazi, nasi tunaitikia "amina".

Nilicheka sana siku hiyo, lakini baadaye kicheko kilinitoka. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeisikia sauti ile na sikuwahi kuuliza inasema nini. Mimi mwalimu wa lugha!

Ukurasa unaofuata wa daftari langu ni wa maneno. Kijapani na Kiswahili havina udugu wowote wa damu, ila vina sura zinazofanana. Maneno ya Kijapani, kama yetu, hupenda kuishia kwa vokali, na neno la kigeni likiingia hulazimishwa kufuata adabu hiyo. Sisi husema basi, wao husema basu. Sisi husema hoteli, wao husema hoteru. Sisi tuliridhika na glasi, wao waliona konsonanti mbili hizo haziwezi kukaa pamoja bila mwangalizi, wakasema gurasu. Mwanafunzi anayedhani kutohoa maneno ni dalili ya umaskini wa lugha na azingatie hayo. Taifa lenye viwanda vya kutisha hutohoa mchana kutwa na wala haliombi radhi.

Baadhi ya maneno hufanana kabisa, kisha hukuhadaa. Kwa Kijapani, nani ni "nini". Mimi ni "sikio". Aidha, sisi tukijitaja hugusa kifua, ilhali Mjapani akijitaja hunyoosha kidole kuelekea puani pake. Katika majuma yangu ya kwanza niligusa kifua na kutamka "mimi" kwa fahari, na mwenyeji wangu akalikagua sikio langu kuona limepatwa na nini.

Ila neno lililonifurahisha zaidi ni kuku. Mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka minane hivi, alikataa kutoka kucheza jioni moja akisema kwamba hajamaliza kuku. Nilidhani anazungumzia chakula. Kumbe kuku kwa Kijapani ni jedwali la kuzidisha. Maana yake ni "tisa-tisa", kwa kuwa zamani wasomi waliliimba kuanzia tisa mara tisa na kushuka. Watoto hulikariri katika darasa la pili, kwa mahadhi maalum, hata ukipita nyuma ya nyumba utadhani ni wimbo wa kanisani. Mtoto yule alinitolea kuku wake wote themanini na mmoja pasi kupumua. Nilimwambia kwamba kwetu Kenya kuku huwa na manyoya, na kwamba ni vigumu zaidi kuwakamata.

Nije kwenye jambo linalowahusu hasa wanafunzi wa Kiswahili, ambao kila mwaka huniuliza kwa uchungu ni nani aliyezileta ngeli duniani. Mjapani hawezi kusema "kalamu tatu" kwa kutaja kalamu na kutaja tatu basi. Sharti aongeze neno la kuhesabia, na neno hilo hutegemea umbo au aina ya kitu. Kalamu, chupa na miti vina neno lao kwa kuwa ni vitu virefu. Karatasi, mashati na sahani vina lao kwa kuwa ni vitu bapa. Vitabu vina lao, magari na mashine vina lao, paka na samaki wana lao. Na kama vile sisi tunavyoona kifaru na kiboko wakivaa kiambishi cha vitu lakini wakitaka kutendewa kama viumbe, nao wana kichekesho chao: sungura, mwenye miguu minne na asiye na hata unyoya mmoja, huhesabiwa kwa neno la ndege.

Kwa hivyo ngeli si adhabu waliyotungiwa Waswahili peke yao. Kila lugha hupanga vitu vya ulimwengu katika rafu zake, na kujifunza lugha ni kujifunza mwenye nyumba huweka nini wapi. Nimefundisha ngeli kwa miaka mingi kwa kutumia jedwali ubaoni na mtihani kila Ijumaa. Sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu hilo la rafu, maana nami sikulijua mpaka niliposhindwa kununua chupa mbili za maji.

Hata katika hesabu tumekaribiana kuliko nilivyotarajia. Wajapani wana namba zao za asili na namba walizozipokea kutoka China, na huzichanganya. Nne ya Kichina hutamkwa kama neno "kifo", na tisa hutamkwa kama "mateso". Ndiyo sababu katika hospitali na hoteli kadhaa hutakiona chumba cha nne, na katika mazungumzo mengi nne ya asili hushika nafasi ya ile ya kigeni. Nilipoambiwa hayo nilitabasamu kwa dharau kidogo, mimi msomi. Kisha nikamkumbuka nyanya yangu, ambaye hakukubali mtu yeyote ahesabu mbuzi wake kwa kidole, na ambaye alisema kwamba mabinti wa Mumbi ni kenda mũiyũru, yaani tisa kamili, ingawa ukiwataja kwa majina utawapata kumi.

Usiku huo nilikaa kitako nikawaza juu ya neno hilo kenda. Katika Kikuyu cha nyanya yangu ni tisa. Katika Kiswahili cha kale vilevile ni tisa. Sisi nasi tuna namba zetu za Kibantu, moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi, na tulizozipokea kutoka Kiarabu, sita, saba na tisa. Kenda alisogezwa na tisa, akabaki katika mashairi na kamusi. Nilikuwa nimelisoma neno hilo chuoni na kulisikia jikoni kwa nyanya, na sikuwahi kuwakutanisha hao wawili. Ilinibidi nilale Kyoto ndipo nigundue kwamba nyanya yangu alikuwa akizungumza Kiswahili cha washairi.

Hapo ndipo daftari langu lilipoanza kubadilika. Kila nilichokiona kule kilinirudisha huku, na mara nyingi kilinirudisha kwa aibu.

Siku moja nilialikwa kuitembelea shule ya msingi. Baada ya chakula cha mchana kengele ililia, muziki ukasikika, na wanafunzi wote wakashika mafagio, ndoo na vitambaa. Wengine walipiga magoti mstari mmoja wakasukuma vitambaa kwenye sakafu ya ukumbi kwa mbio. Wengine waliingia vyooni na brashi. Walimu nao walishika mafagio. Nilimgeukia mwalimu aliyekuwa akinitembeza nikamwuliza kwa sauti ya chini: "Watoto hawa wamefanya kosa gani?"

Hakunielewa. Nilidhani Kijapani changu kimekosea, nikalirudia swali kwa Kiingereza. Bado hakunielewa. Nilipomfafanulia, alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Kwani kwenu wanaosafisha ni waliokosa?"

Msomaji mpendwa, sikuwa na jibu la heshima. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakaza marufuku hayo. Lakini katika shule nyingi nilizozijua, ufagio ulirithi kazi ya kiboko. Achelewaye hufagia. Azungumzaye lugha ya mama hufagia. Apigaye kelele huosha choo. Kwa mkono mmoja tunamfundisha mtoto kwamba usafi ni nusu ya imani, na kwa mkono wa pili tunamfundisha kwamba usafi ni fedheha ya wakosaji. Kisha akiwa mtu mzima akatupa ganda la muwa kupitia dirisha la matatu, tunashangaa alijifunzia wapi.

Sitaki nionekane kama wale warejeao kutoka ng'ambo wakaona kila cha huko ni dhahabu na kila cha hapa ni makapi. Japani si pepo. Nimewaona watoto wa huko wakitoka shuleni na kuingia moja kwa moja katika shule za jioni za kulipia, ili wajiandae kwa mitihani, na kurudi nyumbani usiku wakisinzia katika gari la moshi. Mtihani umewakaba nao. Ugonjwa huo twaushiriki; ila wao wameacha angalau dakika chache za ufagio zisizo na alama wala adhabu.

Sasa nifikie kosa langu.

Karibu na chumba nilichopanga palikuwa na mkahawa mdogo wa mzee mmoja aliyesaga kahawa kwa mkono. Jioni moja aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akaniuliza Kenya sehemu gani. Kwa kawaida ukiulizwa hivyo ugenini husema Nairobi ili yaishe, lakini siku hiyo, sijui kwa nini, nilisema Ruiru. Mzee aliacha kusaga. Alikwenda rafuni akaleta mfuko wa kahawa, akaniwekea kidole palipoandikwa aina za mibuni: SL28, SL34, Ruiru 11. Akalitamka jina la mji wetu kwa heshima, kama mtu atajaye mahali patakatifu. Kisha akauliza: "Nimesoma kwamba mbuni huu wa kwenu ni mfupi kuliko ile ya zamani. Kwa nini?"

Nilikaa kimya. Nilijitetea kwamba mimi ni mwalimu wa lugha. Mzee aliinamisha kichwa kwa adabu, akanimiminia kahawa, na adabu ile iliniuma kuliko matusi. Si kwamba sikujua tu. Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa mbele yangu, miaka mingi kabla, kwa Kiswahili, na mtoto.

Ilikuwa katika somo la insha. Niliwapa wanafunzi mada ya kilimo cha kahawa. Mvulana mmoja, ambaye wazazi wake walikuwa vibarua wa kuchuma kahawa katika shamba kubwa la Ruiru, aliinua mkono akasema: "Mwalimu, kwa nini mibuni ya babu ni mirefu na mibuni ya baba ni mifupi?" Darasa liliangua kicheko, labda kwa jinsi maneno yalivyofuatana. Nami nilidhani ametunga mzaha ili kunivurugia kipindi. Nilimwambia: "Hilo halitahiniwi." Kisha nikampa ufagio, akafagia uwanja mpaka wenzake walipokwenda nyumbani.

Nilipokwisha kurejea nchini, jambo la kwanza nililolifanya, hata kabla ya kufungua masanduku yote, ni kulitafuta jibu. Halikuwa mbali. Lilikuwa Ruiru kwenyewe, katika kituo cha utafiti wa kahawa ambacho nimekipita kwa matatu maisha yangu yote. Jibu ni hili, na ninalitoa hapa ili mwalimu mwingine asipate aibu niliyoipata.

Mibuni mirefu ya babu zetu, kama SL28, iliteuliwa katika miaka ya 1930 katika maabara ya Scott, kule Kabete; ndiyo maana ya herufi hizo mbili. Kahawa yake ni tamu mno, lakini mti wenyewe hauna kinga dhidi ya ugonjwa wa chule, unaoozesha buni zikiwa bado changa. Ugonjwa huo ulionekana Kenya mwaka 1922. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulishambulia kwa nguvu kubwa, wakulima wakapoteza mazao mengi. Mwaka 1971 watafiti wa Ruiru walianza kazi ya kuzalisha mbuni wenye kinga, wakichanganya mibuni yetu na mingine ya kigeni, miongoni mwayo mmoja mfupi wa asili. Mwaka 1985 waliutoa mbuni mpya na kuupa jina la mji: Ruiru 11. Ufupi aliurithi kutoka kwa mzazi wake huyo, na ufupi wenyewe una faida, kwani katika hekta moja iliyopandwa miti 1,330 ya zamani unaweza kupanda 2,500 ya mipya au zaidi. Basi mibuni ya baba ni mifupi kwa sababu kuna watu waliokesha miaka kumi na minne, hatua chache kutoka darasa letu, wakitafuta dawa ya msiba wa babu.

Insha gani ingekuwa bora kuliko hiyo?

Na si kahawa peke yake. Katika maduka ya Japani nilikuta njugu za makadamia kutoka Kenya, nikaziita za kigeni. Mkenya mwenzangu ndiye aliyeniambia kwamba mti huo wa asili ya Australia uliletwa nchini mwaka 1946 na mlowezi Bob Harries, akaupanda katika shamba lake karibu na Thika, na kwamba Thika hiyo hiyo baadaye ikawa na kiwanda cha kubangua njugu hizo, ambacho miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Mjapani, Yoshiyuki Sato. Hali kadhalika, kila siku naipita Juja, katikati ya Thika na Ruiru, palipo na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Nilisafiri hadi mwisho wa Asia kuitafuta Japani, na kumbe Japani ilikuwa imeketi kando ya barabara yetu muda wote huo ikinitazama nikisinzia garini.

Kulipata jibu hakukutosha. Nilimtafuta aliyeliuliza swali. Haikuwa kazi ngumu, maana Ruiru ni mji wa watu wanaojuana. Nilimkuta kwenye jengo la ghorofa linaloinuka mahali palipokuwa na mibuni. Sasa ni fundi wa mawe, mtu mzima mwenye watoto. Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamegeuka mitaa, na Tatu City yenyewe imejengwa juu ya ardhi ya kahawa. Alinipokea kwa furaha, akapangusa jiwe kwa kofia yake ili niketi. Tulipokwisha kujuliana hali nilimwambia nimekuja kumjibu swali lake.

"Swali gani, Mwalimu?"

Nikamkumbusha. Alifikiri kwa muda, akatikisa kichwa. "Swali nimelisahau kabisa, Mwalimu," akasema kwa upole. "Ufagio naukumbuka."

Nimefundisha miaka mingi, nimesikia hotuba nyingi za wakaguzi, na sijapata kupewa ripoti ya kazi yangu iliyo fupi na kamili kuliko hiyo. Nilimwomba radhi. Alicheka, kama watu wa kwetu wanavyocheka wanapoona mtu mzima ametahayari, akasema hayo yalipita. Kisha nikamweleza habari ya chule, na maabara ya Kabete, na miaka ile kumi na minne. Alisikiliza ameshika mwiko wake hewani, saruji ikimkaukia. Nilipomaliza aliuliza: "Na ile mirefu ya babu waliing'oa yote?"

Lilikuwa swali zuri sana, na safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia kwamba hapana, wapo wakulima walioitunza kwa ajili ya ladha yake, na wapo wanaokata shina la zamani na kulibebesha kichipukizi cha aina mpya, mizizi ikabaki ya babu na matawi yakawa ya mjukuu. Akasema hilo atamweleza mwanawe jioni. Nilipoondoka nilijiuliza ni wangapi wengine niliowapokonya maswali yao nikawapa ufagio.

Walimu wenzangu, naleta mapendekezo matatu, na hayahitaji fedha wala kibali kutoka wizarani.

La kwanza, tuuondoe ufagio katika orodha ya adhabu. Darasa lisafishwe na wote wanaolitumia, mwalimu akiwamo, kwa zamu na kwa saa maalum. Mwalimu akionekana ameshika ufagio, fedheha ya ufagio imekwisha siku hiyo hiyo.

La pili, kila darasa liwe na daftari la maswali. Mtoto akiuliza lisilo katika somo, liandikwe, na kila Ijumaa tuchague moja tukalitafute jibu. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, umetuahidi mtoto mdadisi. Lakini mtaala hauna mdomo. Ni mwalimu atakayeamua kama neno "halitahiniwi" litazikwa pamoja na mtihani wa zamani au litavikwa sare mpya.

La tatu, tuwatembeze watoto mahali walipo. Wanafunzi wa Thika hupelekwa Mombasa kuiona bahari, na ni vema. Lakini ni wangapi wamesimama mahali mito ya Chania na Thika inapokaribiana, wakauliza maji yale yanakwenda wapi? Ni wangapi wa Ruiru wanaojua kwamba jina la mji wao limeandikwa kwenye mifuko ya kahawa rafuni kwa mzee wa Kyoto?

Nanyi wanafunzi, mkisoma makala haya, msikubali swali lenu life kwa sababu wenzenu wamecheka. Kuuliza si ujinga. Mwalimu akikuambia halitahiniwi, liandike nyuma ya daftari ulitunze. Huenda siku moja mtu mwingine akakuuliza swali hilo hilo katika nchi ya mbali, na itakuwa vizuri ukiwa umekwisha kulitafuta.

Jana nilipanda teksi kutoka Makongeni. Dereva alipowasha moto, yule mwanamke akatoa lalamiko lake. Mtoto wa dereva, aliyekuwa ameketi mbele, akamwuliza baba yake: "Anasema nini?" Baba akajibu: "Nyamaza, ni gari tu." Nikamgusa mtoto begani nikamwambia anachosema. Kutoka hapo hadi Ruiru aliniuliza maswali kumi na saba, na nilimjibu tisa. Manane yaliyobaki nimeyaandika katika daftari langu la buluu, na baba yake ameniahidi kumleta Jumamosi tukayatafute majibu.